Ernst May: Mjenzi wa Nyumba za Kisasa Aliyekimbilia Arusha



Huku kwetu Dirma, mtu akisema fulani amejenga nyumba ya kisasa, hakuna anayeuliza maana yake. Inaeleweka: tofali la kuchoma, bati, dirisha la kioo, sakafu ya saruji. Tembe la babu halimo kwenye hesabu. Neno hilo tunalitumia kila siku, kwenye vikao vya ukoo, kwenye harusi, hata tunapochangia ujenzi wa kigango. Lakini nani aliamua kwamba hiki ni cha kisasa na kile kimepitwa na wakati? Leo nataka niwasimulie maisha ya mtu mmoja ambaye alikuwa kati ya walioamua. Aliitwa Ernst May, Mjerumani, msanifu majengo. Wanaosoma usanifu duniani kote wanamjua. Na kumbe aliwahi kuwa mkulima hapa hapa kaskazini mwa Tanzania, karibu na Arusha.

Kabla sijaanza, tuondoe mkanganyiko mmoja. Kijana Mkatoliki akisikia neno usasa kama jina la mkondo wa fikra, anaweza kukumbuka kwamba Kanisa liliwahi kuulaani. Ni kweli. Mwaka 1907 Papa Pius wa Kumi alitoa waraka wa Pascendi dhidi ya mafundisho yaliyoitwa hivyo, na kuanzia 1910 hadi 1967 mapadre walitakiwa kula kiapo cha kuyakataa. Sisi tuliosoma falsafa tunakutana na habari hizo mapema. Lakini kilichokatazwa pale ni wazo kwamba ukweli wa imani unabadilika kadiri hisia za watu na nyakati zinavyobadilika. Usasa wa wasanii ni jambo jingine, japo majina yanafanana na miaka inakaribiana.

Usasa wa wasanii ulianza na swali: dunia imebadilika, je, tuendelee kuchora, kuandika na kujenga kama babu zetu? Treni zilikuwa zimekuja, viwanda, miji ya watu milioni, na baadaye vita ya 1914 iliyoua mamilioni ya vijana. Wachoraji wa Paris wakaacha kuiga sura ya mtu kama inavyoonekana. Walivitazama vinyago vya Afrika, wakaona kwamba uso unaweza kuchongwa kwa pembe na mistari na bado ukasema kweli. Waandishi nao wakavunja taratibu. James Joyce, mtu wa Ireland, mwaka 1922 alichapisha riwaya nene ya Ulysses inayofuata siku moja tu katika mji wa Dublin, mawazo ya watu yakitiririka humo kama yanavyotiririka kichwani. Kwetu wimbi hilo lilifika baadaye. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alitoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na ugomvi kati ya washairi ukawa mkubwa kweli.

Kwenye majengo, usasa ulikuwa na sura yake. Toa mapambo. Tumia zege, chuma na kioo. Acha jua na hewa viingie. Jengo liseme wazi kazi yake. Mwaka 1919 Walter Gropius alianzisha shule ya Bauhaus katika mji wa Weimar, Ujerumani, na wengi wanaitaja hiyo kama kitovu. Ila kwa upande wa nyumba za watu wa kawaida, mji ulioongoza ulikuwa Frankfurt, na aliyeuongoza ni huyu May.

Alizaliwa Frankfurt tarehe 27 Julai 1886, katika familia ya mwenye kiwanda. Ukoo wake ulikuwa na asili ya Kiyahudi, mkumbuke hilo. Alipokuwa kijana alikwenda Uingereza akafanya kazi kwa Raymond Unwin, mpangaji miji aliyeamini kwamba mfanyakazi naye anastahili bustani na mti mbele ya mlango wake. Wazo hilo lilimkaa May moyoni maisha yake yote.

Baada ya vita ya kwanza ya dunia alipewa kazi katika jimbo la Silesia, ambalo sehemu yake kubwa leo iko Poland. Kulikuwa na wakimbizi na wakulima wasio na makazi, na fedha ya Ujerumani ilikuwa imeshuka thamani vibaya. May akawa anabuni nyumba ndogo za vijijini, za bei nafuu, zenye kipande cha shamba. Kazi isiyo na sifa. Lakini hapo ndipo alipojifunza kuanza na familia yenyewe: wako wangapi, wanalala wapi, wanapika wapi, maji yanatoka wapi.

Mwaka 1925 mji wake wa Frankfurt ukamwita awe mkuu wa ujenzi. Alikuwa na miaka 39. Familia nyingi zilikuwa zimebanana kwenye vyumba vya giza, kifua kikuu kikizunguka. Katika miaka mitano tu, yeye na kundi lake walisimamia ujenzi wa nyumba zaidi ya 10,000. Vipande vya ukuta vilifyatuliwa kiwandani, vikapangwa na winchi. Mitaa ilielekezwa ili jua lifike kila chumba. Kwenye bonde la mto Nidda ukajengwa mtaa wa Römerstadt, wenye bustani za mboga. Wakati huohuo, Wakatoliki wa mji huo nao hawakukaa pembeni: kanisa la Frauenfriedenskirche, la mtindo mpya kabisa, lilikamilika mwaka 1929, na wanawake Wakatoliki ndio waliokuwa na wazo la kulijenga, wakiombea amani na kuwakumbuka waliokufa vitani.

Jambo lililovuma zaidi ni jiko. Mwaka 1926 mwanamke msanifu katika kundi la May, Margarete Schütte-Lihotzky, alikaa akahesabu hatua anazotembea mama akipika. Akabuni jiko dogo la kama mita 1.9 kwa 3.4, kila kitu kikiwa mkononi: sinki, kabati, meza ya kukatia, droo za unga na mchele. Majiko kama 10,000 ya namna hiyo yakawekwa. Majiko mengi mnayoyaona leo kwenye nyumba za mjini, yale ya kabati zilizopangwa ukutani, ni wajukuu wa jiko hilo.

Lakini tuwe wakweli. Jiko lile lilimtosha mtu mmoja tu. Mama alipunguziwa hatua, akaongezewa upweke. Sisi tuliokua tukizunguka mafiga matatu tunajua kwamba jikoni hapapikwi chakula tu. Ndipo bibi anaposimulia na ndipo watoto wanapofundishwa. Vilevile kodi ya nyumba za May iliwashinda wengi wa maskini kabisa, wale hasa alionuia kuwasaidia. Walioingia wengi walikuwa mafundi na makarani wenye mshahara.

Halafu kuna habari ya paa. Nyumba za Frankfurt zilikuwa na paa bapa, na paa hilo likawa siasa. Wapinzani walisema paa la Mjerumani wa kweli lina mteremko. Mtaa wa mfano wa Weissenhof, uliojengwa Stuttgart mwaka 1927 na wasanifu wa mkondo huohuo, ulitengenezewa kadi ya posta ya dhihaka, wameongezewa ngamia na Waarabu, eti hicho ni kijiji cha huko, si cha Ulaya. Mimi nikisoma hayo nacheka na kusikitika kwa pamoja. Wairaqw wa Mbulu wamekaa chini ya paa bapa la udongo kwa vizazi vingi. Tembe ndilo hilo. Kwa hiyo kitu kilekile huku tunakiacha kwa kuwa ni cha kizamani, na kule kilichukiwa kwa kuwa ni cha kisasa mno na kinafanana na vya watu wa mbali. Vijana, mtu akikwambia kitu chenu hakina thamani, muulize kwanza anakipima kwa rula ya nani.

Mdororo wa uchumi wa 1929 ulikausha fedha za ujenzi. Mwaka 1930 May akachukua wenzake kadhaa akaenda Urusi ya Kisovyeti, ambako serikali ilimtaka apange miji mizima ya viwanda, ukiwemo Magnitogorsk. Alikwenda na matumaini makubwa. Akakuta amri zinabadilika kila siku, vifaa hakuna, na viongozi wanaogeukia majengo ya fahari yenye nguzo na mapambo. Mwaka 1933 akaondoka. Kurudi nyumbani haikuwezekana, kwa sababu mwaka huohuo Hitler alishika madaraka. Kwa Wanazi, May alikuwa na makosa mawili: asili ya Kiyahudi na zile nyumba zake.

Basi mtu aliyewajengea maelfu ya watu akabaki hana pa kukaa. Mwaka 1934 akaja Tanganyika na mkewe na watoto wao wa kiume wawili, akanunua shamba karibu na Arusha. Akawa mkulima. Fikirieni: mtu ambaye miaka mitano nyuma, mwaka 1929, wasanifu wakubwa wa Ulaya walikusanyika katika mji wake kwa mkutano juu ya makazi ya watu wa kipato kidogo, sasa anaangalia mawingu kama mvua itanyesha. Mimi hapa humwona katika kundi moja na familia nyingine iliyobeba mtoto usiku na kukimbilia nchi ya kigeni kwa sababu ya mfalme mkatili. Mathayo anatusimulia habari hizo katika sura ya pili. Yosefu naye alikuwa fundi. Naye alifika Misri akiwa na ujuzi mikononi na bila mteja hata mmoja.

Mwaka 1937 May aliacha kilimo, akahamia Nairobi kurudia usanifu. Vita ya pili ilipoanza, Waingereza wakamweka kizuizini kama raia wa nchi adui. Yaani Wajerumani walimkataa kwa sababu si Mjerumani wa kutosha, na Waingereza wakamfunga kwa sababu ni Mjerumani. Alipotoka akaendelea na kazi.

Sasa tunafika mahali pagumu. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ya Uganda ilimpa kazi ya kupanga upanuzi wa mji wa Kampala, kwenye vilima vya Kololo na Naguru, na mpango ukatoka mwaka 1947. Ni mpango wenye akili kwa upande wa barabara, vilima na upepo. Lakini uliwagawa watu kwa rangi zao, na ndani yake Mwafrika anatazamwa kama mtu anayetakiwa kupandishwa ngazi taratibu, afundishwe kukaa mjini. Katika miaka hiyohiyo alibuni nyumba kwa ajili ya Waafrika, ya vipande vya zege vinavyopachikwa, ukuta na paa vikiwa mkunjo mmoja kama upinde, kwa kuigiza umbo la kibanda cha asili. Zilijengwa chache sana. Mtu huyuhuyu aliyekimbia nchi kwa sababu watu walipimwa kwa damu, alikuja akachora mji unaopima watu kwa rangi. Jambo hili limenisumbua kweli tangu nilipolijua. Linanionyesha kwamba kuumizwa hakumfanyi mtu kuwa mwema moja kwa moja. Maumivu yako yanaweza kukufumbua macho kwa mwenzako, na yanaweza yasikufumbue. Inahitaji neema, na inahitaji kukubali.

Halafu tazameni kilichotokea Moshi. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kilikuwa na fedha zake chenyewe, jasho la Wachagga. Wakataka jengo lao mjini. Wakamwajiri May. Kazi ilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 na jengo likamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1950: ofisi, maduka, vyumba vya wageni, nafasi za mafunzo, vyote pamoja, kwa mistari ile safi ya Frankfurt lakini yenye kivuli na mianya ya kupitisha hewa kwa ajili ya jua letu. Ukienda Moshi leo utaliona.

Tofauti kati ya Kampala na Moshi ni nini? Mchoraji ni yuleyule. Kalamu ni ileile. Tofauti ni nani alikuwa mezani. Kule Kampala, Mwafrika alikuwa mtu wa kupangiwa. Kule Moshi, Mwafrika alikuwa mteja: anaeleza anachotaka na analipa mwenyewe. Na May alipokutana na watu waliosimama wima, alifanya kazi inayosimama wima.

Alibuni pia majengo ya jumuiya ya Aga Khan huko Kisumu, na Hoteli ya Oceanic kule Mombasa. Mwishoni mwa 1953, baada ya karibu miaka 20 Afrika Mashariki, akarudi Ujerumani iliyokuwa imebomolewa na mabomu. Alikuwa na miaka 67, umri ambao wengi wanakaa barazani. Yeye alishika kazi Hamburg, kwenye shirika kubwa la nyumba, na akashiriki kupanga mitaa mipya mikubwa kama Neue Vahr wa Bremen, wenye nyumba kama 10,000. Alifariki Hamburg tarehe 11 Septemba 1970, akiwa na miaka 84.

May hakuwa mtakatifu, wala hayumo kwenye orodha ya wanaosubiri kutangazwa. Kwa nini basi nimewaletea hapa? Kwa sababu ya Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilishuka kutoka mlimani vikaifunika Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki, na familia nyingi zilibaki hazina hata sufuria. Tuliwazika, tuliwaombea, tukachanga nguo na unga. Baadaye zikajengwa nyumba mpya kwa ajili ya walionusurika. Tangu hapo swali la nyumba kwetu halikuwa tena la kwenye vitabu. Nyumba ni nini kwa mtu aliyepoteza kila kitu? Ikae wapi? Mlango utazame wapi? Bibi ataota moto wapi? Ng'ombe na mbuzi watalala wapi? Na anayeamua ni nani?

Kwa maisha ya May, mimi naondoka na mambo matatu, nanyi mtaongeza yenu.

La kwanza, kumpa mtu makazi ya heshima ni tendo la huruma, na linadai akili kama linavyodai moyo. Kuhesabu hatua za mama jikoni, kupima jua litaingia dirisha gani, kushusha bei ya ukuta: hayo yanaweza kuwa sala ya mikono. Wewe unayesoma ufundi ujenzi VETA, au unayechora ramani chuoni, au unayefyatua tofali kwa kibarua, usiseme kazi yako haina uhusiano na Injili.

La pili, wema bila kusikiliza hubomoka. Unaweza kumpenda maskini na bado ukamjengea nyumba ambayo si yake. Kabla hatujamsaidia mtu, tukae naye, tunywe naye uji, tumwulize. Hata kwenye vikundi vyetu vya VIWAWA tunapokwenda kuwatembelea wazee, tumezoea kufika na mfuko wa sukari na ratiba yetu mkononi. Tuanze na swali.

La tatu, kisasa si dini, na cha kale si dhambi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa lililoufanya kuwa wake peke yake; linapokea sanaa ya kila kizazi na kila taifa, mradi itumike kwa heshima mbele ya Mungu. Mfano tunao jirani. Waliohiji Namugongo tarehe 3 Juni wameiona basilika iliyotabarukiwa mwaka 1975, kazi ya msanifu wa Uswisi Justus Dahinden. Ni ya chuma na zege, ya kisasa kabisa. Lakini umbo lake ni la nyumba ya asili ya Waganda, na nguzo zake 22 zinasimama kwa ajili ya mashahidi 22. Hapo mgeni aliuliza kwanza: wenyeji hukaa katika nyumba gani? Na mimi naota siku ambayo kijana wa Dirma atachora kigango ambacho tembe la babu yake litajitambua ndani yake.

Swali la kutafakari wiki hii: ni nani ambaye nimekuwa nikimpangia maisha kwa nia njema, bila kumwuliza hata mara moja?

Tuombe. Ee Baba, Mwanao hakuwa na mahali pa kuzaliwa ila zizini, na akiwa mtoto alikuwa mkimbizi. Uwaangalie wote waliopoteza nyumba zao kwa vita, kwa mafuriko na kwa chuki. Uwape wajenzi akili ya kupima na unyenyekevu wa kusikiliza. Uwapumzishe ndugu zetu waliofunikwa na tope la Hanang, na uwape waliobaki paa, moto na majirani wema. Kwa maombezi ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Muwe na wiki yenye baraka. Mkimwombea kila mtu, msimsahau na frateri wenu.